Jua Mgongoni mwa Bibi

Nyumbani kwetu Ibra, Oman, hakuna ng'ombe aliyesalimika. Yule wa kwenye kopo la maziwa amekatwa shingo, kuku wa kwenye pakiti ya vidonge vya supu amekatwa shingo, na yule mtoto mnono anayecheka kwenye boksi la biskuti naye amekatwa, maskini, na meno yake yote nje. Mchinjaji ni Bibi, mama yake baba. Ana kalamu nyeusi ya wino mzito, anaiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na visu, na kila kinachotoka dukani kikiwa na uso hupigwa msitari shingoni kabla hakijaingia kabatini. Anavyoamini Bibi, malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha ya kitu chenye roho, lakini kichwa kikishatengana na kiwiliwili, picha huwa kama mti tu. Msitari unatosha. Malaika wanaelewa.

Na katika nyumba zote za mji huu mimi nikazaliwa humu, na kitu pekee ninachokiweza duniani ni kuchora nyuso. Sisemi nina kipaji. Kipaji anacho binti wa jirani, anayehifadhi juzuu baada ya juzuu kwa sauti inayowatoa watu machozi. Mimi nina maradhi ya mkono. Nikikaa darasani mkono unatembea wenyewe, na nikija kuzinduka mwalimu wetu wa hisabati yuko pembeni ya ukurasa ana masikio ya mbuzi.

Bibi alishaniambia, tena bila ukali, kuwa siku ya kiama kila aliyechora chenye roho ataambiwa akitie roho hicho alichokichora, na hatoweza. Mtoto mwengine angelia. Mimi nikamfikiria yule mwalimu wa hisabati ananisubiri pale na masikio yake, nikaona bora nishindwe kumtia roho kuliko niweze, kwa sababu cha kwanza angenipa mtihani. Nikawahadithia wenzangu skuli, wakacheka mpaka wakashika matumbo. Sikuwaambia kuwa nilikaa wiki nzima sigusi penseli. Kwa maneno mimi shujaa sana. Mambo ya kiama hunijia nikiwa peke yangu chooni.

Chumba changu ndicho chenye kiyoyozi kizuri kuliko vyote, kwa hiyo Bibi husali adhuhuri na laasiri kwangu. Anakuja na msala wake, miwani yake, na ile kalamu. Kabla hajanuia, anapita ukutani kama askari wa mpakani, chap, chap, chap, picha zangu zote chini. Nikachoka kuchinjiwa, nikaanza kuchinja mwenyewe. Kila mwanamke niliyemchora nilimvalisha kidani kinene kilichokaza shingoni, upande hadi upande. Wanaume niliwapa ukosi mweusi wa dishdasha, kanzu ya huku. Paka walipata mikanda yenye kengele, mbuzi walipata kamba. Bibi anavaa miwani, anasogea, anatazama, anasema, "Huyu keshakatika," anapita. Samaki ndio walitutia mashakani, maana samaki hana shingo. Tukajadiliana mpaka wakati wa sala ukataka kupita, tukaafikiana msitari ukae nyuma ya matamvua.

Basi skuli nikaanza kujulikana kwa ile mikufu. Abla, yaani mwalimu wetu wa kike, wa sanaa, Mtunisia mwenye miwani mikubwa kuliko uso, akasimama mbele ya darasa na picha yangu ya wauza nguo wa soko la Jumatano, akaeleza kuwa msanii huyu mdogo anatuonesha jinsi dhahabu ilivyomfunga mwanamke wa Kiarabu. Mbuzi naye, alisema abla, amefungwa na jamii. Darasa zima likanigeukia. Mimi nikatikisa kichwa polepole kama profesa anayestaafu. Ningesemaje? Ningesema mbuzi amefungwa na Bibi?

Mambo yalikwenda hivyo mpaka matokeo ya fizikia yalipotoka. Sitayataja, inatosha kusema kwamba Baba alivua kofia akaiweka mezani, na Baba havui kofia ovyo. Akaamua kuwa likizo yote nitapelekwa Nizwa kwa ami, ndugu yake, ambaye ni mhandisi na hufundisha fizikia hata ukimwomba akupitishie chumvi, na kuwa rangi zangu na brashi zangu zitiwe kwenye boksi zipewe binamu zangu wadogo wachezee. Mama akanitetea. Akasema abla ananitaka kwenye maonesho ya skuli za mkoa wetu wa Sharqiyah, yatakayofanywa mji wa Sur, na mtoto anayekubaliwa huko si mtoto wa kupokonywa rangi. Baba alifikiri. Kazini Baba ana watu chini yake wanaosimama akiingia. Nyumbani kwenye jambo lolote la halali na haramu yeye ni mtoto wa mama yake. Akasema, "Kama picha itakubaliwa Sur, na Bibi yako akairidhia kwa mdomo wake, rangi zibaki. La, khalas."

Katika milango hiyo miwili, mmoja ulikuwa mwepesi. Abla alinitaka kweli, lakini alitaka sura ya mzee wa nyumbani, na safari hii hakutaka mikufu. Alisema wazo lile nimeshalitumia, msanii hukua. Kwa hiyo nilitakiwa nimchore Bibi, shingo wazi, kichwa juu yake, kisha nimwendee Bibi huyohuyo aridhie.

Nilimkuta ukumbini anachambua mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umevunja nini?"

Nikamwambia sijavunja kitu. Akasema basi nimeanguka mtihani. Nikamwambia hilo keshalijua. Nikamweleza yote: Sur, abla, boksi la rangi, Nizwa. Nilimweleza kwa Kiswahili changu chote, kile anachosema yeye kina mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka sita, na nilipokwama nikajaza Kiarabu. Alisikiliza huku anatoa vijiwe. Nilidhani atakataa papo hapo, nikawa nimeshatayarisha sura ya kuonewa. Hakukataa. Aliuliza, "Mgongo una roho?"

Nikasema mgongo peke yake sidhani.

"Uso ndio picha," akasema. "Bila ya uso ni nguo tu na kivuli chake. Nitakupa mgongo. Lakini mimi sina saa ya kukaa mbele yako kama jiwe la mezani. Nina saa ya kusali. Utachora nikisali, na ukinifanyia chakarachakara na mabrashi yako nyuma yangu, nikitoa salamu nakuja na kalamu."

Hivyo ndivyo nilivyomchora Bibi yangu, laasiri kwa laasiri, nimekaa sakafuni nyuma ya msala wake, nimeshika brashi kama mwizi aliyeshika funguo. Hakuna mchoraji aliyefanya kazi kwa tabu kama ile. Akisimama nachora, akirukuu nangoja, akisujudu nangoja, akiinuka, kanga imekaa vyengine na mikunjo yote imehama. Nilikuwa namwombea Mungu asome sura ndefu. Yeye kwa ajili ya magoti akisoma kwa mnong'ono zile fupi kabisa, na mimi nyuma yake nahesabu aya kama mtu anayetazama taa nyekundu ya barabarani. Siku moja nikamuuliza, kwa adabu zote, kama angeweza kuchukua Yasin. Alinitazama mpaka nikaondoka chumbani mwangu mwenyewe.

Tatizo kubwa lilikuwa jua. Dirisha la chumba changu liko ukuta wa kibla, ambao kwetu Oman ni magharibi, kwa hivyo laasiri jua linaingia kwa mbele ya Bibi na kunipiga mimi machoni. Kutoka nilipokaa, Bibi yangu na kanga zake za maua mekundu alionekana mweusi tii, gunia la makaa lililosimamishwa. Nilijaribu kuchora hivyohivyo. Mdogo wangu akapita akauliza kwa nini nimechora chupa ya gesi. Basi nikafanya kitu rahisi: nikalitoa jua mbele nikaliweka nyuma. Lilikuwa jambo la brashi chache tu. Mwanga ukaangukia mgongoni, maua yakawaka, kila mkunjo wa kanga ukapata upande wake wa dhahabu, na mbele ya Bibi nikamtilia kivuli kirefu kinachotangulia juu ya msala na kupanda ukutani. Kilikuwa kizuri kile kivuli. Nilikirudia mara nyingi. Nikajiambia kuwa ningezaliwa mji mwengine ningeshakuwa kwenye televisheni.

Abla alipotumiwa picha kwa simu akajibu kwa mioyo mingi, akasema Jumapili niilete skuli ipakiwe. Mlango mmoja umefunguka. Alkhamisi jioni nikaiweka picha ukumbini, juu ya kiti, watu wote wamekaa. Mama akasema ndizo kanga zenyewe, zile Bibi alizoletewa na wifi yake kutoka Unguja, na akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Baba akarudi nyuma, akaisogelea, akatikisa kichwa kama mtu aliyepelekewa ripoti isiyo na makosa. Nikaanza kuinama kidogo, hivi, kama waimbaji wanavyoinama.

Bibi akavaa miwani. Alitazama muda. Halafu akauliza, "Hapa nasali nini?"

"Laasiri, Bibi. Si ndiyo uliyokuwa ukisali?"

"Na kivuli changu kiko wapi?"

Nikamwonesha, kwa fahari, kile kivuli.

"Mbele," akasema Bibi. "Laasiri jua liko magharibi, na kibla chetu magharibi. Mtu anayesali laasiri kivuli chake kiko nyuma yake. Wewe umenitia kivuli mbele. Jua limenipiga mgongo. Nasali nimeelekea wapi hapa?"

Baba aligeuza kichwa akapima kwa mkono, huku jua, huku Makka, nikaona uso wake unavyobadilika.

"India," akasema Bibi. "Miaka yangu yote hii, mjukuu wangu kanisimamisha nasalia India, na wewe unataka watu wa Sur waje wanitazame."

Mdogo wangu alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu huo ndio ugonjwa wangu mwengine. Bibi hakucheka. Alivua miwani akaenda chumbani kwake, na Mama ndiye aliyenieleza, huku ananibana mkono, nilichokuwa sikijui. Bibi alipoletwa huku kutoka Unguja alikuwa msichana, mkubwa kwangu kidogo. Kule kibla kiko kaskazini. Siku za mwanzo, akisimama kusali, mwili ulikuwa unakwenda wenyewe kaskazini, kama mtu anayeamka na kutafuta mlango wa nyumba yake ya zamani. Mama mkwe wake alimkuta, akamshika mabega akamgeuza, halafu akaenda falajini, kwenye mfereji wa maji wa mji, akawahadithia wanawake wenzake kuwa mwanawe kaoa mke wa Sawahil asiyejua Makka iko wapi. Waliokuwepo wakacheka. Wengine wamekufa, wengine wapo, wanakuja kwetu Idi. Bibi hajakosea kibla tangu siku hiyo. Hata ndani ya gari, hata kwenye uwanja wa ndege, utamwona anatafuta jua kabla hajatafuta kiti.

Na mimi nimemgeuza mabega kwa brashi, kwa ajili ya maua ya kanga.

Nilimfuata chumbani. Alikuwa amekaa kitandani anavuta tasbihi, na aliniambia bila kunitazama kuwa picha haiendi, nimwambie Baba yangu apige simu Nizwa. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa maneno mazuri, lakini maneno mazuri hayanijii, hunijia ujanja. Nikasema, "Bibi, pengine si laasiri."

"Wewe umesema laasiri."

"Nimekosea. Hii ni dhuha. Asubuhi jua likishapanda liko mashariki, nyuma yako. Kivuli kinakwenda mbele. Wewe umeelekea Makka barabara. Kibla chako hakina kasoro."

Tasbihi ikasimama. Nikaona anaipima picha kichwani mwake, jua, kivuli, ukuta. Ilikuwa sawa. Nilikuwa nimesema kweli kwa bahati tu, kama saa iliyoharibika. Nikaanza kutabasamu.

"Lakini mimi sisali dhuha," akasema Bibi. "Nilikuwa nikiisali zamani. Nimeiacha tangu magoti haya. Watu wataitazama picha watasema, mashallah, bibi huyu na uzee wake hakosi hata sunna ya dhuha. Nitachukua sifa ya sala nisiyoisali. Unajua hiyo inaitwaje? Riya. Kusali ili uonekane ni dhambi. Sasa mimi nionekane hata kusali sijasali?"

Nikasema hakuna atakayejua. Hilo ndilo lililokuwa neno la kijinga kuliko yote niliyosema wiki ile, na wiki ile nilifanya pia mtihani wa fizikia wa marudio. Bibi akaniambia nenda kalale.

Sikulala vizuri, lakini Ijumaa asubuhi nililipa deni hilo: jua limeshapanda, mimi nimelala mdomo wazi, blanketi mguuni. Nikasikia mlango. Nikasikia msala unatandikwa. Nikafungua jicho moja. Bibi amesimama pale pale panapo msala wake siku zote, kanga zile zile, mlango kauacha wazi, na jua la dirisha la ukumbini linaingia kwa nyuma yake. Likampiga mgongoni. Maua yakawaka. Kivuli chake kikatangulia juu ya msala kikapanda ukutani chini ya dirisha langu.

Nisingemwambia mtu, lakini nilikaa kitandani na nywele zangu za kiota nikaona kuwa nilichokitunga kipo, na kuwa nilikuwa nimekitunga vibaya. Mgongo wa Bibi haukunyooka kama nilivyomchora. Ulikuwa umelalia kushoto, kulikimbia goti linalouma. Na kivuli kilikuwa kimelala vilevile. Alisali rakaa mbili, taratibu, akishika ukingo wa meza yangu akiinuka, na mimi kwa mara ya kwanza sikuomba asome sura ndefu. Alipotoa salamu hakugeuka.

"Sasa si uongo," akasema kwa ukuta. "Peleka."

Kutwa nzima nikashinda naupinda mgongo. Bibi alipokuja kutazama alisema hana kibiongo kama kile. Nikamwambia anacho. Akasema basi kiwe kidogo. Nikakipunguza upana wa brashi moja, akaridhika, akasema mbele ya Baba, kwa mdomo wake kama Baba alivyotaka, kuwa picha hii ameiridhia.

Sur tulikwenda wote. Nilitarajia ukuta wa mbele. Wakanitundika kwenye ujia unaokwenda vyooni, kati ya ngamia na ramani ya Ras al Hadd iliyotengenezwa kwa kome, ambayo ndiyo iliyopata zawadi. Faida yake ni kuwa kila mtu alipita, kwa sababu kila mtu ana haja. Tukasimama karibu, mimi na Bibi, tukijifanya tunamtazama ngamia. Akaja mwanamke mtu mzima na binti yake. Binti akasema picha nzuri. Mama yake akakitazama kile kivuli, akatazama jua, akasema, "Dhuha hii. Mashallah, wapo bado wanaoisali."

Bibi akageuka akaenda zake garini, haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu. Nilipomfuata nikamkuta anachezesha midomo, anaomba sijui nini. Nilimuuliza kama amekasirika. Akasema, "Picha itakaa miaka mingapi?"

Nikamwambia rangi hizi, ikiwa haikupigwa na jua, zinaweza kukaa kuliko sisi.

"Umeniweza," akasema.

Tangu hapo dhuha anaisali kila siku. Siku za skuli haimhusu mtu, ila Ijumaa na Jumamosi msala unatandikwa chini ya pua yangu jua likipanda, na haulaliki mtu akisali juu ya kichwa chako. Nimejaribu. Mara nyingine nainuka nasimama nyuma yake, kwanza kwa sababu usingizi umekwisha, na sababu nyengine ni yangu mwenyewe. Picha imerudi nyumbani, iko ukumbini, na Bibi hajaigusa kwa kalamu. Baba naye ametimiza ahadi: rangi zimebaki. Nizwa nitakwenda vilevile. Nilipomkumbusha tulivyopatana, akasema alichokiahidi ni rangi, fizikia hakuisamehe.

Juzi abla kanitaka picha nyengine. Mama, aliyekuwa anakaanga sambusa, akatoa shauri nimchore Bibi siku ya Alkhamisi amefunga sunna, anangoja magharibi, kikombe cha maji mbele yake. Nikasema wazo zuri, nikaanza kutafuta penseli. Sauti ikatoka ukumbini, nasi tulidhani yuko kwenye dhikri zake.

"Mwambie huyo mtoto," alisema Bibi, "safari hii anichore nimelala. Na kanga nimejifunika mpaka kichwani."